Meli Yenye Mdomo

Jumatatu, 2 Julai 1945

Lazaro, huna haya. Nimemwambia hivyo hivyo mbele ya mkewe, mikono yangu imejaa utelezi wa kahawa, na hapa naandika tena ili lisifutike. Mtu hafiki kwa mtu asubuhi, hata uji haujashuka motoni, akasimama mlangoni pa uzio na kupima kihamba cha mwenzake kwa macho. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nilimlisha akiwa hana meno. Sasa anayo, anataka kuniuma.

Anasema Aminieli amekufa. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Barua kutoka vitani hazijaja tangu mvua za mwaka jana, kwa hiyo amekufa. Kwa hiyo tumzike. Kwa hiyo kihamba chake, migomba na kahawa aliyoachiwa na babu yake, kiende kwa Zakayo mwana wa Lazaro. Na Ndeshi, mke wa Aminieli, naye aende pamoja na shamba, kama jembe. Kwa hiyo, kwa hiyo.

Kahawa haikumenywa yote. Ukungu umekaa mpaka jioni. Mlima Meru sikuuona.

Alhamisi, 5 Julai

Baridi. Magoti yanauma.

Mgomba wa Aminieli uko nyuma ya nyumba, karibu na mfereji. Kitovu chake nilikifukia pale kwa mkono wangu, na shina limezaa na kuzaa tena mpaka leo. Kwetu mtu akifa mbali na maiti isipatikane, wanakata mgomba wa kitovu chake, wanaufunga kwenye blanketi lake, wanauzika kama mtu. Kisha jani la sale, mmea wa uzio wetu, linafungwa fundo mlangoni pa uzio, asirudi kusumbua. Basi. Amekufa. Hata akija na miguu yake, mlango ule haupiti tena. Akipita, mmoja wa ndani atakufa badala yake.

Mwinjilisti anasema haya ni mambo ya giza. Namheshimu. Ndiye aliyenifundisha kusoma kwa ajili ya ubatizo, nikiwa na mvi tayari. Lakini yeye ana Biblia. Mimi nina Biblia na nina uzio.

Ndeshi anangoja. Mke wa aliye safarini hanyoi, na hagusi mkungu wa mgomba wa mumewe mpaka mwenyewe aje aukate. Nywele zimemwota kichaka. Mkungu umeiva, ndege wanakula. Nawafukuza kwa mawe. Wanarudi.

Jumapili, 8 Julai

Nimelala kanisani. Mahubiri yalikuwa marefu, si kosa langu.

Meli ilikuja. Ilipanda mteremko polepole katikati ya mibuni, haikuvunja tawi. Kubwa kuliko kanisa. Inatiririka maji. Bahari sijui inanukaje, hii ilinuka magadi tunayowapa ng'ombe. Ikasimama kwenye migomba yangu kama mnyama aliyefika nyumbani.

Naijua kwa barua za Aminieli. Aliandika: Bibi, walinitoa kwa wapagazi wakaniweka kwenye meli yenye mdomo. Inakwenda bahari ya upande wa Wajapani, inapanda mchangani, inafungua mdomo, malori yanatoka humo yamewasha taa. Kazi yangu ni minyororo ya mlango. Jina la mahali walilipaka wino mweusi, wenye kusoma barua za watu.

Katika ndoto mdomo ulifunguka kidogo, upana wa kiganja. Ukasimama. Ndani giza, na sauti yake: "Bibi, mlango umekwama."

Jirani akanipiga kiwiko. Ati nakoroma. Nimemwambia nilikuwa nasali.

Jumatano, 18 Julai

Nimekwenda mjini kwa miguu na Ndeshi. Mwinjilisti alisikia kuna mtu Kaloleni aliyekuwa kwenye meli moja na Aminieli. Yohana, mtu wa Singida, amepanga chumba pale, anashona viatu barazani. Mguu mmoja haukunji. Kijana mwenye adabu. Aliniamkia kabla sijakaa, akampisha Ndeshi kigoda chake, yeye akakaa chini mguu umenyooka kama mpini.

Nikamwambia, nionyeshe hiyo meli. Akachukua kiatu cha mteja kilichoachana soli mbele. Akaingiza dole, akakifungua. Kiatu kikaachama.

"Hii ndiyo meli yetu, Bibi. Umewahi kuuona mlima huu ukiwa Momela?"

Nikamwambia asinifundishe mlima. Nimezaliwa upande ule. Kule Meru haina ukuta wa mbele, imepasuka, iko wazi mpaka tumboni. Wa mjini wanaona kichwa tu wanadhani wameona mlima.

"Basi ndivyo ilivyo ikifungua mlango," akasema.

Ndege ilikuja wakati meli imeshapanda mchangani. Moto ukashika nyuma, kwenye mitambo. Mlango ukashuka kidogo, ukakwama. Malori yanawaka, watu wamejaa nyuma yake, moshi. Aminieli akapanda kwenye minyororo na wenzake wazungushe kwa mikono. Yohana alipenya kwenye upenyo akaangukia kwenye maji, ndipo mguu ulipovunjika. Akageuka. Akaona mlango unashuka. Polepole, lakini unashuka. Watu wakatoka.

Ndeshi akauliza: "Na waliokuwa kwenye minyororo?"

Yohana akapigilia msumari kwenye kile kiatu. Kisha mwingine. Hapakuwa na sababu ya msumari wa pili.

Ndoto yangu sikuwa nimemwambia mtu. Wala sitamwambia. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza Ndeshi kwa kutembea polepole, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

Jumamosi, 28 Julai

Tarishi wa Boma amekuja na baiskeli. Amekataa loshoro, mlo wetu wa mahindi na maziwa, kwa hiyo nilijua. Ujumbe wa serikali: meli ya Aminieli iliungua, yeye hajulikani alipo.

Lazaro alifika kabla baiskeli haijapoa. Anasema hajulikani alipo maana yake amekufa, serikali inaona aibu kusema. Nikamjibu hata mimi leo asubuhi sikujua yeye Lazaro alipo, na sikumzika. Zakayo akacheka, akajifanya anakohoa.

Wakaenda kumwita mshili, kiongozi wa ukoo. Mshili ni mzee mwenye busara zake, lakini kwenye pombe anapotea. Atasema kile atakachokunywa.

Jumanne, 7 Agosti

Nimesinzia mchana kwenye majamvi ya kahawa. Meli tena. Safari hii nilikuwa nimeikaribia, naweza kuigusa. Bati la baridi. Matone yanaanguka kwenye shingo yangu. Mdomo uwazi wake ule ule, upana wa kiganja, na vidole vyake vinaonekana kwa ndani, vimeshika ukingo. "Bibi, mlango umekwama. Nisaidie." Nikavuta. Sina nguvu. Nilivuta mpaka kucha zikauma, nikaamka nimekumbatia jamvi na kahawa yote iko kwenye majani.

Ndeshi alikuwa ananitazama. Akaokota kahawa, punje kwa punje. Kisha akasema, na hajawahi kusema maneno mengi hivi tangu aolewe:

"Bibi, mimi si mjane wala si mke. Kanisani wananipisha kama mtu mwenye ugonjwa. Nataka nilie. Uniruhusu nilie, halafu nitafanya kazi yoyote utakayo."

Nikamwambia anyamaze, aokote kahawa.

Nilikuwa na hasira. Hasira yenyewe sijui ya nani.

Ijumaa, 17 Agosti

Kengele ya kanisa imelia siku isiyo yake. Vita vimekwisha. Wajapani wameacha. Watu wamecheza barabarani, hata mshili, na ile miguu yake.

Kila mama mwenye mtoto huko ameshona au amefua kitu. Mimi nimefua shati la Aminieli. Nimeliona kwenye kamba likijaa upepo, likapunga mikono. Nikaliondoa bichi.

Nimefikiri sana juu ya ule mlango. Aminieli amekwama. Haingii kwa waliokufa kwa sababu bibi yake hataki kumzika. Hawezi kurudi. Amesimama katikati kwenye giza ananiomba, na mimi ninafukuza ndege kwenye ndizi. Kiburi changu ndicho mnyororo. Ndivyo ninavyoona leo.

Sijamwambia Lazaro. Asifurahi mapema.

Jumatatu, 3 Septemba

Tumemzika.

Nimeukata mimi mgomba. Lazaro alitaka kushika panga, nikamwangalia akaliacha. Maji ya mgomba yalinirukia kifuani, mengi, yatabaki doa. Mkungu ulikuwa umeoza nusu, nusu wamekula ndege. Tukaufunga mgomba kwenye blanketi lake jekundu, lile zuri alilonunua mwenyewe kabla hajaondoka. Uzito wake kama mtoto aliyelala.

Ndeshi akalia. Sijasikia mtu akilia vile. Alilia mpaka wanawake waliokuja kumsaidia kulia wakanyamaza, wakakaa wanamsikiliza. Kisha nikamnyoa. Kichwa chake kidogo. Kina kovu juu ya sikio, sikujua.

Mwinjilisti hakuja, lakini alipita barabarani akavua kofia. Nimeona.

Lazaro akafunga fundo la sale mlangoni. Fundo zuri. Kwa hilo ana mikono.

Mimi sikulia. Nilikuwa na wageni.

Jumapili, 16 Septemba

Siioti tena. Nalala kama gogo, naamka kama gogo. Nilidhani nitashukuru.

Zakayo alikuja na kanzu safi kumsalimia Ndeshi. Si mtu mbaya. Ana baba mbaya. Nikamwambia hakuna wa kugusa kihamba wala mtu mpaka kahawa ya mwisho ianikwe juani. Akasema, "Sawa, Bibi," kwa haraka kabisa, kama aliyesamehewa. Nadhani hataki. Nadhani kuna msichana mahali.

Ndeshi anakula. Juzi alinijibu vibaya. Dalili njema.

Alhamisi, 11 Oktoba

Pale tulipokata pametoka chipukizi. Limejikunja kama karatasi, kijani changa kabisa, linang'aa kwa umande. Nimeinama nikalitazama muda mrefu. Maji ya mfereji yanapita pembeni yanazungumza. Nilisahau nimekwenda kufanya nini.

Lazaro akaliona. Anasema ling'olewe, mgomba uliozikwa hauachwi uote. Kweli, ndivyo wazee walivyosema. Akachukua jembe.

Nimeketi juu yake. Si juu ya jembe, juu ya ardhi, mbele ya chipukizi, na sketi yangu ya kanisani. Nikamwambia alime, aanze na mimi. Akasimama kidogo. Akaenda zake akisema nimezeeka vibaya.

Vizuri. Nizeeke vibaya.

Jumatano, 21 Novemba

Naandika upesi, herufi zitanisamehe.

Mvua ya mchana. Tuko ndani na Ndeshi tunachambua maharage. Mbwa akabweka mara moja, akanyamaza, akaanza kulia kama mtoto. Nikatoka na gunia kichwani. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, huoni hatua kumi. Nje ya uzio kuna kitu kirefu kimesimama kinatiririka maji. Nikadhani nimelala. Nikajifinya. Inauma.

Koti la jeshi. Amesimama mbele ya fundo la sale, analitazama. Hakuingia. Angeweza kuruka tu akapita, wengine wangefanya hivyo wakajidai wameona dunia. Mtoto niliyemlea hakuingia.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

Nilimjua. Lakini lazima mtu aulize.

"Mimi ni yule mliyemzika." Kisha: "Mmenizika na blanketi gani?"

"Jekundu."

"Lile zuri? Bibi! Lile zuri kabisa?"

Nyuma yangu Ndeshi akacheka. Alicheka na maharage yakamwagika yote kwenye tope. Akaenda kwenye uzio, akapenyeza mkono katikati ya masale mpaka begani, akawa anapapasa huko nje kama kipofu. Nimegeuza uso. Hata mimi nina adabu wakati mwingine.

Nikamkaripia Aminieli nyuma ya majani yale yale: kwa nini hukuandika? Watu wana kalamu! Akainua mikono yake niione. Vidole vimeungana kama ndizi changa, ngozi nyekundu inameremeta. Ile minyororo ilikuwa ya moto. Alizungusha mpaka mlango ukafika chini, zaidi ya hapo hakumbuki. Ameamka hospitali ya Wahindi, mbali, hana kibandiko cha jina, homa imemla, hajui kusema yeye ni nani. Miezi. Alipokumbuka, cha kwanza kukumbuka ni mfereji. Sauti yake. Akawaambia madaktari anatoka kwenye mfereji. Wakaandika hivyo.

Nilikuwa nahesabu makosa yangu na nikaacha.

Kwa hiyo hakuwa anaomba kuzikwa. Alikuwa anasema mlango umekwama. Mlango ulikuwa umekwama. Bibi mjinga, unaambiwa jambo waziwazi unatafuta jingine nyuma yake.

Amelala ghala la kahawa, nje ya uzio. Ndeshi amempelekea chakula na hajarudi. Sikumwita.

Alhamisi, 22 Novemba

Mvua imekatika. Mlima uko wazi wote asubuhi hii, na theluji kidogo juu, nyembamba, kama aliyepakwa unga.

Lazaro na mshili wamekaa hapa mpaka jua limepanda. Fundo ni lake Lazaro. Machozi yalimtoka alipomwona kijana, na nikaona uso aliokuwa nao akiwa hana meno. Mshili anasema mlango ulifungwa kwa sheria, haufunguliki, akipita pale mtu wa ndani ataondoka. Mbuzi auawe, kijana akae nje mpaka mwezi mpya, halafu watafakari. Mwinjilisti naye anasema apite tu, ni upuuzi. Zakayo anasema lolote, ilimradi yeye asimwoe Ndeshi.

Nimewaacha wabishane. Nimekwenda nyuma nikakaa karibu na mfereji. Chipukizi limefika magotini kwangu. Jani lake la kwanza limefunguka.

Mlangoni Aminieli hapiti. Hilo sivunji. Sina mtu wa kumtoa badala yake, hata Lazaro.

Lakini nimeutazama mlima, na nimekikumbuka kile kiatu cha Yohana. Kuna vitu havingoji mlango. Vinafunguka vyote upande mzima.

Kesho alfajiri Lazaro na Zakayo waje na majembe na mapanga. Wang'oe masale upande wa mfereji, pale kwenye chipukizi, wasilikanyage. Wang'oe mengi. Pawe pana, lori lipite na taa zake. Mwinjilisti na aje, na mshili na aje, asiwe amekunywa. Ndeshi asimame ndani, katikati. Aminieli asishike kamba, asishike panga, asisukume kitu chochote. Mikono yake aiweke mfukoni asubiri. Safari hii afunguliwe yeye.